Kamera Inaona Plastiki Kwenye Pamba, Lakini Mkulima Haambiwi

Wiki jana nilivaa shati jipya la bluu, nikaingia matatu mbio mbio kwenda kazini. Njiani nikaona kijistari cheupe kifuani. Nikadhani ni uzi umeshikilia tu, nikauvuta. Kumbe ulikuwa umefumwa ndani ya kitambaa, na ulipotoka ukaacha tundu. Jioni nikauchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi ukabaki majivu. Huu uliyeyuka ukawa kitone kigumu. Plastiki!

Plastiki yenyewe ni polipropilini, ile ile ya magunia tunayotilia mahindi. Mkulima akichuma pamba na kuijaza kwenye gunia kama hilo, nyuzi za gunia huchanika na kujichanganya na pamba. Nyeupe kwa nyeupe, jicho halioni kitu. Kitambaa kikishatiwa rangi ndipo mambo yanaharibika, kwa sababu polipropilini haishiki rangi ya pamba. Robota moja la pamba lina uzito wa karibu kilo 200. Gramu 1 ya plastiki humo ni sehemu 5 tu katika milioni, lakini ikisokotwa na kufumwa inaweza kutia madoa mita nyingi za kitambaa.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, nilianza kusoma jinsi viwanda vya kusokota uzi vinavyopambana na jambo hili. Nakiri mashine zao zimeniteka. Pamba iliyofumuliwa hupeperushwa kwenye mfereji mbele ya kamera, na mbele zaidi kuna safu ya vali za hewa. Kamera ikiona kitu kigeni, vali iliyo mkabala nacho inafunguka na kukipuliza nje. Piga hesabu: pamba ikienda mita 10 kwa sekunde na vali zikiwa sentimita 30 kutoka kwa kamera, programu ina milisekunde 30 za kuona, kuamua na kupuliza. Anayelalamika kwamba tovuti yake inachelewa asome hapo mara mbili.

Kitambaa chekundu au kamba ya buluu ni rahisi, kamera ya kawaida inatosha. Shida ni plastiki nyeupe au inayopitisha mwanga. Kuna njia tatu zinazotumika:

1. Mwanga wa urujuanimno. Vitu vilivyotiwa dawa ya kung'arisha weupe hung'aa sana chini yake. Gunia lisilotiwa dawa hiyo halisaidiki hapa.

2. Mwanga uliochujwa ili utikisike upande mmoja tu. Plastiki nyembamba huugeuza kwa namna tofauti na pamba, hivyo hujitokeza.

3. Infraredi ya karibu. Polipropilini ni kaboni na haidrojeni tu, na hufyonza mwanga karibu na nanomita 1,200 na 1,700. Pamba ni selulosi, ina oksijeni pia, na ufyonzaji wake una sura nyingine. Tatizo ni bei: kamera ya silikoni kama ya simu yako haioni kupita nanomita 1,100 hivi, kwa hiyo unahitaji kitambuzi cha aina nyingine, tena ghali.

Sasa nije kwenye ubishi wangu. Watu wa fani yangu wakiona tatizo hili wanakimbilia kutafuta kamera kali zaidi na, siku hizi, akili bandia. Lakini kila ukiongeza ukali, kengele za uongo zinaongezeka. Tuseme kila mpulizo unatupa gramu 2 za pamba nzuri. Kengele za uongo 500 kwa saa ni kilo 1, yaani kilo 24 kwa siku. Ukipunguza ukali, plastiki inapita. Huwezi kushinda mchezo huo kwenye mfereji peke yake.

Sisi tunajua hitilafu hurekebishwa ilikoanzia. Mfumo unaonasa kosa lile lile kila siku bila kumwambia aliyeandika msimbo tungeuita upuuzi. Na ndivyo pamba inavyofanyiwa! Mashine inahesabu kila inachokitoa, kisha hesabu inaishia kwenye kioo cha kiwandani. Jineri haisikii. Kituo cha kununulia pamba hakisikii. Mkulima ndiye kabisa.

Anayeumia ni nani? Vipimo vya kawaida vya maabara vya pamba huonyesha urefu wa nyuzi, nguvu, unene na rangi. Kiasi cha plastiki hakimo. Basi mnunuzi hukisia kwa kuangalia pamba imetoka nchi gani. Pamba nyingi ya Afrika huchumwa kwa mkono na nyuzi zake ni nzuri, lakini sifa ya plastiki huishushia bei. Mama wa Busia aliyeshona mfuko wa kitambaa ili achume pamba safi analipwa sawa na jirani aliyetumia gunia la nailoni. Kwa nini ajisumbue tena msimu ujao?

Wengine wameanza. Marekani kila robota lina namba ya tarakimu 12, na 5 za kwanza ni za jineri. Plastiki iliyokuwa ikiwasumbua wao ni ile ya kufungia pamba shambani, na mwaka 2018 wapimaji wa serikali walianza kuiandika kwa namba yake maalumu, 71 na 72. Plastiki ikionekana, inajulikana imetoka jineri gani.

Utaniambia kiwanda huchanganya marobota mengi kwa pamoja, hivyo plastiki iliyonaswa haina mwenyewe. Kweli, kwa mchanganyiko mmoja. Lakini andika ni marobota ya jineri zipi yaliyoingia katika kila mchanganyiko, na mipulizo ilikuwa mingapi. Baada ya michanganyiko mia moja, hesabu ya kawaida ya takwimu itakuonyesha jineri ambayo kila ikiwemo, idadi hupanda. Haihitaji kamera mpya. Inahitaji jedwali, namba kwenye robota, na mtu wa kupiga simu kwa jineri. Jineri nayo ikishajua, inaweza kulipa shilingi kadhaa zaidi kwa pamba iliyokuja kwenye mfuko wa kitambaa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kompyuta anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, na mimi nilikuwa huyo si zamani sana, achana na kamera kwanza. Andika programu inayorudisha habari kwa mkulima. Si kazi ya kujivunia kwa picha, lakini huenda mama wa Busia akalipwa haki yake.

Na shati langu? Nimelishona. Tundu bado linaonekana.