Viwimbi vya Faraday na Deni la Wanakiswahili

Kuna usemi ambao umezoeleka mno katika kumbi za vyuo vyetu kiasi kwamba hakuna anayeuhoji tena. Husemwa kuwa Kiswahili ni lugha ya ushairi, ya ngano na ya siasa. Kwamba fizikia imeukataa ulimi wake na ulimi wake umeikataa fizikia. Watetezi wa lugha hii nao hujibu kwa hamaki, aghalabu kwa kuorodhesha istilahi: neno hili ni kwa dhana ile, na lile ni kwa hii. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinadhani sayansi ni mkusanyiko wa majina. Sayansi kwanza ni maelezo. Jina huja baadaye, likiwa mtoto wa maelezo hayo. Lugha isiyoelezea haiwezi kuzaa istilahi yenye uhai, hata kamati zikutane usiku na mchana.

Ili hoja hii isielee hewani, nitaifungamanisha na jambo moja mahususi la kifizikia, nililieleze kwa Kiswahili, kisha msomaji apime mwenyewe.

Chukua sinia pana, ulitie maji kidogo, kisha ulitetemeshe juu na chini kwa kasi, bila kuliyumbisha upande. Mtetemo ukiwa hafifu, uso wa maji utabaki shwari kama kioo. Uongeze kidogo kidogo. Hutaona badiliko lolote hadi ufike kikomo fulani, na hapo ghafla uso wote utachipuka viwimbi. Viwimbi hivi havisafiri kama mawimbi ya pwani yanayokuja kuvunjikia ufuoni. Hupanda na kushuka papo hapo: palipokuwa na kilele pakawa bonde, palipokuwa na bonde pakawa kilele. Tena havikai ovyo. Hujipanga kwa mistari sambamba, au kwa miraba kama ya ubao wa drafti, au kwa pembesita kama za sega la nyuki, kulingana na aina ya kioevu, kina chake na kasi ya mtetemo.

Ni kwa nini uso usichafuke tangu mtetemo wa kwanza? Kwa sababu kila kioevu kina mnato, na mnato hula nishati ya kila kiwimbi kinachojaribu kuzaliwa. Mpaka mtetemo utoe nishati kuliko ile inayoliwa, hakuna kiwimbi kitakachosimama. Ndiyo maana mafuta mazito hudai mtikiso mkubwa kuliko maji.

Aliyelichunguza jambo hili kwa makini na kulichapisha mnamo 1831 ni Michael Faraday, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1791, mwana wa mhunzi. Hakupata elimu ya juu. Alifunzwa kazi ya kujalidi vitabu, na akaanza kujisomea vitabu vilevile alivyokuwa akivijalidi, kabla ya kuajiriwa katika Taasisi ya Kifalme jijini London mnamo 1813. Mwaka huohuo wa 1831 ndio aliogundua jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme katika waya. Hesabu za juu hakuzimudu. Silaha yake ilikuwa jaribio na sentensi: alitenda, akatazama, akaandika alichokiona kwa lugha ya kawaida iliyonyooka. Katika majaribio ya viwimbi hakutumia maji pekee. Alitetemesha pia maziwa, wino na ute wa yai.

Katika kutazama huko aliona jambo la ajabu. Viwimbi havikufuata mwendo wa chombo. Chombo kilipotetema mara mbili, kiwimbi kilikamilisha mzunguko wake mara moja tu. Kwa mfano, sinia likipanda na kushuka mara 60 kwa sekunde, viwimbi hupanda na kushuka mara 30.

Siri yake haihitaji lugha ya kigeni. Aliyewahi kupanda lifti anajua kwamba inapoanza kupaa, mwili huhisi mzito. Inapoanza kushuka, mwili huhisi mwepesi. Maji yaliyomo siniani nayo hupitia hali hiyo: hugeuka mazito na mepesi katika kila mtetemo. Sasa fuata kilele kimoja cha maji. Kinapoporomoka kuelekea usawa, maji huwa mazito, na uzito huo hukiharakisha. Kinapoupita usawa na kuchimba bonde, maji huwa mepesi, na wepesi huo huliruhusu bonde lizame zaidi. Hapo mtetemo mmoja umekwisha, na kilele kimekuwa bonde. Ili bonde hilo lirudi kuwa kilele, mtetemo wa pili unahitajika. Ndivyo afanyavyo pia mtoto aliyesimama juu ya bembea: huchuchumaa akifika mwisho wa kila upande na kuinuka apitapo katikati, hivyo huinuka mara mbili katika kila safari moja ya kwenda na kurudi, na bembea huzidi kupaa bila kusukumwa na mtu.

Hebu msomaji ajiulize: ni wapi katika aya hizo ambapo Kiswahili kimetusaliti? Kilele, bonde, usawa, mnato, mtetemo, kikomo. Hakuna neno hata moja lililoundwa jana.

Wala nisieleweke kana kwamba maelezo ni jambo jepesi. Mnamo 1868 mtafiti Mjerumani, Ludwig Matthiessen, alichapisha matokeo yaliyompinga Faraday. Kwake yeye, viwimbi na chombo vilikwenda mwendo mmoja. Mnamo 1883 Lord Rayleigh aliyarudia majaribio na kuthibitisha kuwa Faraday ndiye aliyekuwa na haki. Ilibidi kungojea hadi mwaka 1954 ndipo Brooke Benjamin na Fritz Ursell walipotoa uchambuzi wa kihisabati ulioonyesha bayana kwa nini uso wa kioevu hutoka katika utulivu na kuingia katika ruwaza. Zaidi ya miaka 120 ilipita kati ya sentensi za Faraday na hesabu hizo. Katika muda wote huo maelezo yake ndiyo yaliyobeba ujuzi. Hesabu zilikuja kuyakamilisha, hazikuja kuyafuta.

Uwanja wenyewe haujafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti Edwards na Fauve, waliofanya kazi Ufaransa, walitetemesha kioevu kwa mitetemo miwili ya kasi tofauti kwa wakati mmoja, wakapata ruwaza ya kustaajabisha: ukiizungusha kwa sehemu moja ya 12 ya duara inalingana na ilivyokuwa, lakini haijirudii kwa hatua sawa kama vigae vya sakafuni. Mwaka 2005 Yves Couder na wenzake jijini Paris walionyesha kwamba tone la mafuta likidondoshwa juu ya mafuta yanayotetema kwa nguvu iliyo chini kidogo ya kikomo tulichokitaja, halizami. Hudundadunda, kisha huanza kutembea likisukumwa na viwimbi lilivyovizaa lenyewe.

Sasa nigeukie upande wa pili wa hoja, yaani hasara ya kuwa na jina bila maelezo. Mfano ni neno *masafa*. Kwa asili ni umbali. Redio zilipokuja, tukasema *masafa mafupi*, tukimaanisha mawimbi yenye urefu mdogo. Maana ya umbali ikabaki. Baadaye neno hilohilo likatumiwa kutaja tarakimu za vituo vya redio, tarakimu ambazo si umbali bali ni hesabu ya mara ngapi wimbi hujirudia kwa sekunde. Msikilizaji wa redio hapotezi kitu kwa mkanganyiko huo. Mwanafizikia hupoteza kila kitu, kwani mambo haya mawili huenda kinyume. Ukitetemesha maji safi mara 60 kwa sekunde, umbali kutoka kilele hadi kilele ni karibu milimita 9. Ukitetemesha mara 120, umbali huo hupungua na kuwa karibu milimita 5. Basi mwanafunzi akiandika kwamba masafa yaliongezeka na viwimbi vikawa vidogo, je, amesema kweli au ameghafilika? Kwa maana moja ya neno amesema kweli tupu. Kwa maana ya pili amesema jambo lisilowezekana.

Kosa hili haliwezi kugunduliwa na mtu anayesoma orodha ya istilahi, kwa kuwa ndani ya orodha kila neno hukaa kimya katika mstari wake. Hugunduliwa pale tu neno linapotiwa kazini, ndani ya sentensi inayoeleza kitu kinachotendeka. Kwa maoni yangu tuseme *urefu wa wimbi* kwa umbali na *marudio* kwa hesabu, na *masafa* tuyaachie watangazaji. Lakini hata pendekezo hili lisikubaliwe kwa kuwa linasikika vyema. Lijaribiwe kwa kuandikiwa.

Mgala muue na haki yake mpe. Kazi ya waundaji istilahi ni kubwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2009 ni TATAKI, ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mnamo 1990, wakati ambapo wengi waliona jambo hilo kuwa ndoto. Pasipo kazi hiyo tusingekuwa hata na la kubishania. Ila kamusi ni ghala. Ghala likijaa nafaka na jikoni moto haujawashwa, watoto watalala njaa.

Faraday mwenyewe anatuachia funzo jingine katika jambo hili. Mnamo 1834, alipochunguza jinsi umeme unavyopita ndani ya vioevu, alihitaji majina mapya. Hakujifungia chumbani kuyabuni. Alimwandikia William Whewell wa Cambridge, msomi aliyekijua Kigiriki kwa kina, akamweleza jambo lenyewe hatua kwa hatua. Miongoni mwa maelezo hayo ilikuwa taswira ya mkondo wa umeme unaoizunguka dunia kutoka mashariki kwenda magharibi, sawa na mwendo wa jua. Kutokana na taswira hiyo Whewell alipendekeza majina yenye maana ya njia ya kupanda na njia ya kushuka, ambayo leo tunayaita anodi na kathodi. Neno ioni nalo, lenye maana ya kiendacho, lilitoka kwake.

Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapo. Njia jua lipandapo na njia lishukapo: nani kati yetu hana maneno *mawio* na *machweo*? Sisemi tuifute anodi, maana imekwisha kupata makazi. Nasema kwamba kama maelezo ya Faraday yangetufikia kabla ya majina yake, tungekuwa na la kuchangia. Tulipokea jina likiwa limekatwa kitovu.

Aidha, Whewell hakuwa mgeni wa sayansi. Alizisoma na kuziandikia. Ndiyo sababu alimwelewa Faraday. Hapa ndipo lawama inapotugeukia sisi wanafunzi wa Kiswahili. Wengi wetu tulilichagua somo hili tukiipa fizikia mkono wa buriani. Twaweza kuchambua vina na mizani usiku kucha, lakini tukiulizwa kwa nini maji hutetema, twaelekeza kidole upande wa pili wa chuo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafizikia asiyemudu Kiswahili na mwanakiswahili asiyejua fizikia hawatazaa istilahi, watazaa tafsiri.

Najua nitakaloambiwa. Nitaambiwa kuwa shule zetu za sekondari hufundisha fizikia kwa Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, na ajira ni ya Kiingereza. Ya nini basi kujisumbua? Jibu langu ni kwamba sidai mtihani ubadilishwe kesho. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na lugha rasmi isiyoweza kumweleza raia kinachotendeka ndani ya sinia la maji ina urasmi wa mhuri tu. Isitoshe, mwanafunzi aliyekariri sheria kwa Kiingereza na kushindwa kumweleza mamake kwa Kiswahili hajawa na uhakika kwamba ameielewa sheria hiyo. Maelezo katika lugha ya pili ni kipimo cha uelewa.

Basi napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila istilahi inayopendekezwa katika makongamano yetu iambatane na aya moja kamili inayoitumia kueleza tukio halisi. Isipoweza kukaa katika aya, irudishwe kwa mhunzi. Pili, idara za Kiswahili na za fizikia ziruhusu mwanafunzi mmojammoja wa kila upande kuandika pamoja tasnifu ya mwaka wa mwisho. Tatu, jarida hili litenge kurasa katika kila toleo kwa makala ya sayansi yaliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili, wala si kutafsiriwa.

Uso wa maji hubaki bapa hadi mtetemo ufike kikomo, na kabla ya hapo mtazamaji huapa kwamba hakuna kinachotendeka. Nishati yetu kwa sasa huliwa yote na mnato wa mazoea. Hatujui kikomo chetu kiko umbali gani. Twajua tu kwamba kwa kunyamaza hatutakifikia. Kalamu tunazo, na sinia la maji halina bei.