Mmoja akiacha wanga, chungu ni cha nyumba nzima

Februari mwaka jana wifi yangu alitangaza mezani kwamba wanga kwake basi. Ugali basi, wali basi, chapati za Jumapili basi. Alikuwa na kilo 94, magoti yanamuuma, na kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao alikuwa ameona picha za mwenzake aliyepungua mpaka nguo zinampwaya.

Hakuwa anatania. Asubuhi mayai mawili na parachichi, mchana samaki na mchicha, usiku nyama na kabichi. Baada ya miezi mitatu mzani ulisoma 83. Tulimpongeza, na alistahili.

Tatizo lilitokea mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiangalia. Nyumba ile inapika chungu kimoja. Mama mkwe wangu, anayeishi na bintiye huyo, ana miaka 68 na ana kisukari. Kila siku anameza vidonge vyake. Ugali ulipopungua mezani naye akapunguza, tena kwa moyo mkunjufu, maana siku zote ameambiwa awe makini na wanga. Vidonge hakuvipunguza. Hakuna aliyewaza kumuuliza daktari.

Alfajiri moja mjukuu wake alimkuta amelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kwa bahati bado aliweza kumeza. Wakampa maji ya sukari, wakakimbilia kituo cha afya. Hata baada ya maji yale kipimo kilisoma 3.1, na kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, chini ya 4 ina maana sukari imeshuka mno. Muuguzi aliuliza swali moja tu: "Bibi alikula nini jana usiku?"

Samaki na mchicha.

Mama mkwe hajambo sasa. Lakini tangu siku ile, mzazi mwenzangu akiniuliza kama kuacha wanga ni salama, na mimi humuuliza: kwenu mnakula wangapi chungu hicho?

Uzito unapungua kweli?

Unapungua. Na wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1863 William Banting, mkazi wa London, alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Robert Atkins, alitoa kitabu kilicholieneza wazo hilo upya.

Mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji yapata gramu tatu. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yanatoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza mzani unashuka kwa kasi ya kufurahisha: sehemu kubwa ni maji, si mafuta. Siku utakayokula wali wa harusini maji yale yatarudi, na utadhani umeharibu kila kitu.

Baada ya hapo mafuta nayo hupungua, kwa sababu ya kawaida kabisa: unakula kidogo kuliko zamani. Mayai, samaki na nyama hushibisha, na pamoja na ugali umeacha soda, maandazi na chipsi.

Swali gumu ni la mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka 2003 utafiti mmoja wa Marekani uliwafuata watu 63. Walioacha wanga walikuwa mbele kwenye miezi sita, lakini mwaka ulipoisha tofauti na wenzao waliopunguza mafuta haikuwa kubwa tena. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0. Kitaalamu tofauti hiyo haina uzito. Makundi yote mawili yaliambiwa yale mboga kwa wingi na kuacha sukari na unga uliokobolewa. Na ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua zaidi ya kilo 20 na walioongezeka.

Maana yake ni kwamba wanga hauna uchawi wake peke yake. Mlo unaofaa ni ule utakaoweza kuendelea nao hamu ya mwanzo ikishaisha.

Usalama wake miaka ikipita

Kwa mtu mzima mwenye afya, majaribio ya mwaka mmoja hadi miwili hayajaonyesha madhara makubwa. Wengi huumwa kichwa siku za mwanzo, hupata choo kigumu na harufu mbaya mdomoni. Wengine lehemu mbaya hupanda kwenye damu, hasa wakijaza sahani nyama ya mafuta na samli. Ukitaka kuendelea, ipime.

Kwa miaka mingi zaidi hatuna majaribio ya namna hiyo, tunategemea tafiti za kuwafuatilia watu wanavyoishi. Mmoja mkubwa ulitoka 2018. Ulihusu Wamarekani zaidi ya 15,000 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 25. Waliopata nusu ya nguvu ya chakula chao kutoka kwenye wanga, yaani asilimia 50 hadi 55, ndio waliokuwa na vifo vichache zaidi. Waliokula chini ya asilimia 40 na waliozidi 70 walikuwa na vifo vingi zaidi. Walioondoa wanga wakaweka nyama nyingi walikuwa na hali mbaya zaidi. Walioweka karanga, jamii ya kunde na vyakula vingine vya mimea walikuwa na hali nzuri zaidi.

Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba chakula ndicho kilichoua au kuokoa. Lakini unatufundisha kuangalia pande mbili. Sahani yenye mlima wa ugali na vijiko viwili vya mchicha iko upande wa kuzidisha, kwa hiyo kuupunguza mlima ule si ujinga. Kuufuta kabisa ni jambo jingine. Wanaofuata mlo mkali zaidi hukaa chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, na gramu 100 tu za unga wa mahindi zina wanga kama gramu 75. Yaani sahani moja ya kawaida ya ugali inakumalizia siku nzima na kuzidi.

Wasioguswa na mlo huu bila daktari

Hapa ndipo nyumba yetu ilipokosea. Kabla hujabadilisha chungu, tazama wanaokizunguka.

*Mwenye kisukari anayetumia dawa.* Kupunguza wanga kunaweza kumsaidia sana, na hiyo ndiyo hatari yenyewe: chakula kikishusha sukari na dawa nayo ikaishusha, inapitiliza. Anayechoma insulini au kumeza vidonge kama glibenclamide amwone daktari kabla, si baada, ili dozi ipangwe upya. Asijipunguzie mwenyewe. Zipo pia dawa mpya zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo. Anayezitumia akikata wanga kwa ukali, damu yake inaweza kujaa tindikali hata kama kipimo cha sukari hakionyeshi shida.

*Mjamzito na anayenyonyesha.* Mwili wake unahitaji zaidi, na kwa mama anayenyonyesha mlo mkali umewahi kusababisha tindikali hiyo hiyo kwenye damu. Kilo za uzazi zisubiri.

*Mwenye ugonjwa wa figo.* Protini nyingi zinaweza kumzidishia mzigo.

*Watoto na vijana wanaokua.* Mlo mkali usio na wanga hutumika hospitalini tangu miaka ya 1920 kwa watoto wenye kifafa kisichosikia dawa, na huwasaidia wengi wao. Lakini hufanywa chini ya daktari na mtaalamu wa lishe, kwa vipimo vya mara kwa mara, na hata hivyo baadhi hupata vijiwe vya figo au hukua taratibu. Huo si mlo wa kuanzishwa jikoni kwa kutazama video.

Na kwa watoto kuna jambo lisiloonekana kwenye kipimo. Binti wa wifi yangu, miaka 13, alianza kurudisha ugali wake akisema "unanenepesha". Hakuna aliyemfundisha. Alimsikia mama yake kila jioni. Mzazi, ukipunguza chakula chako, punguza kimya kimya. Usiite chakula cha mtoto sumu mbele yake.

Kama bado unataka kupungua

Wifi hakurudi alikotoka, wala hakuendelea na ule ukali. Mtaalamu wa lishe alimpa mpango ambao hata bibi na watoto wanakaa nao meza moja:

- Nusu ya sahani mboga: mchicha, matembele, bamia, kabichi. Robo samaki, dagaa, mayai, kuku au maharage. Robo iliyobaki wanga.
- Wanga upikwe na uwekwe kwenye bakuli lake, kila mtu apakue kiasi chake. Wa mtu mzima anayepunguza uzito ni kama ngumi yake. Watoto wapakue washibe. Bibi anakula kiasi kile kile kila siku, alichopangiwa na daktari pamoja na dawa zake.
- Cha kwanza kuondoka ni sukari ya kunywa. Soda ya mililita 350 ina vijiko vya chai vinane au zaidi. Baada yake maandazi na chipsi.
- Maharage, kunde na choroko zibaki. Zina wanga, ndiyo, lakini zina protini na nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda.

Leo ana kilo 86. Tatu zimerudi kati ya zile 11, na alipopima mara ya mwisho alicheka. "Hizi nane naweza kuishi nazo," aliniambia. "Zile nyingine tatu nilikuwa nazikopa."

Mama mkwe naye ana mazoea mapya. Mtu akibadilisha chochote jikoni, anauliza kwa sauti: "Na mimi na vidonge vyangu mmetupangia nini?"

Liulizwe na kwako. Tukutane wiki ijayo.