Nani Kakwambia Anyonyeshaye Hashiki Mimba?

Leo tunagomba, mtusamehe.

Bibi harusi hupewa maneno haya hina haijamtoka mkononi, na akiwa ndani ya arubaini hurudiwa nayo: "Mwanangu, maadam unanyonyesha na hedhi haijarudi, huna wasiwasi." Mtoto akifika miezi 8, mama anatapika asubuhi. Na walewale waliomtuliza ndio wa kwanza kunong'ona kuwa kambemenda mtoto!

Kunyonyesha kunazuia mimba, ndiyo, tena kwa zaidi ya asilimia 98. Lakini masharti ni matatu na yote yawepo pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama tu, mchana na usiku. Ukimwanzisha uji wa miezi 3, au ukimpa maji kwa kuwa "joto kali", sharti limeshavunjika.

Na kuna jambo masomo wetu hawalisemi: yai linatangulia, damu inafuata. Yai hutoka kiasi cha wiki 2 kabla ya hedhi. Anayesubiri aione hedhi ya kwanza ndipo ajikinge, anaweza kubeba mimba asiione kabisa. Tena miili haifanani. Huyu atakaa mwaka mzima mkavu, jirani yake itamrudia mwezi wa pili, na wote wananyonyesha.

Ama hilo la kubemenda, tunalikataa. Katika Sahih Muslim, Judama bint Wahb amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikaribia kukataza kumwingilia mke anayenyonyesha, kisha akaona Warumi na Wafursi wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Hakukataza. Sisi tumepata wapi ujasiri wa kumhukumu mwenzetu? Na baba wa mtoto mbona hatajwi? Mimba haikuletwa na upepo.

Anayeumia ni mtoto anayeachishwa ziwa ghafla kwa sababu mama katishwa kuwa maziwa yake yamegeuka sumu. Hayajageuka. Mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha, muhimu ale vizuri.

Basi enyi masomo, mkimfunda mwari mwambieni na hili: akirudi kliniki wiki ya 6, aulizie njia isiyopunguza maziwa. Kitanzi kipo, kipandikizi kipo, na vidonge vya wanaonyonyesha vipo. Na mumewe aende naye, akasikie kwa masikio yake.