Kengele iwe karibu na mkono wa mzee

Juma hili tuzungumze juu ya mzee anayelala chumba cha nyuma, yule ambaye hawezi tena kusimama peke yake.

Wengi wetu tuna dada au binti aliyetoka kambi ya wakimbizi akahamia Marekani, na baadhi yao wanafanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Kule kila kitanda kina kamba yenye kitufe. Mzee akibonyeza, taa inawaka juu ya mlango wake, na watumishi wanajua ni chumba gani kinaita. Sheria ya serikali yao inadai njia ya kuita iwepo kitandani, chooni na mahali pa kuogea. Lakini mara nyingi kamba ipo, ila imeanguka chini, au imeachwa upande wa mkono uliopooza. Wakaguzi wakiikuta hivyo wanaiandikia nyumba kosa. Wana haki: asiyeifikia ni kama hana.

Kwetu mzee anabaki katika jamaa, na ni vizuri. Lakini anaitaje? Sauti yake ni ndogo, wewe uko inje unatwanga sombe, redio inalia. Akiita mara tatu bila jibu, atajaribu kusimama mwenyewe, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri ule, wengi hawatembei tena kama zamani. Wengine wanakataa maji mchana kutwa ili wasisumbue mtu kwa habari ya choo. Sisi tunasema hana kiu.

Kopo tupu na kijiko vinatosha. Kengele ya mbuzi ni nzuri zaidi. Simu siiamini sana, chaji inaisha. Funga kengele kwenye kitanda kwa kitambaa, upande wa mkono wenye nguvu, kisha mwambie aipige akiwa amelala, wewe ukiwa ungali pale. Ukimgeuza upande wa pili, hamisha kengele pia. Ukimkalisha kwenye kiti, iende naye; hapo ndipo tunasahau zaidi.

Anayefika asianze na "unataka nini tena?", maana mzee akisikia hivyo mara mbili hatapiga tena. Na pangeni nani anaitika saa gani, hasa usiku. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuitika na kuja kukuita, lakini asimwinue mzee peke yake.