Kitangulizi si Malighafi: Funzo la Unga wa Kauri kwa Waunda Istilahi

Wahenga walinena kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii, ambayo aghalabu hutajwa katika mijadala ya malezi, yaafiki pia unga mweupe ambao wasomi wengi wa Kiswahili hawajapata kuufikiria: unga wa alumina, yaani oksidi ya alumini. Unga huu ukishashindiliwa na kuchomwa hutoa kauri ngumu. Sehemu nyeupe ya plagi ya injini ya gari ni mfano wake. Fomula ya oksidi hiyo ni moja tu, Al₂O₃. Hata hivyo, tabia ya unga wenyewe hutegemea sana msombo wa kikemia ulioutangulia. Makala haya yanashikilia kwamba msombo huo wapaswa kuitwa kitangulizi wala si malighafi, na kwamba asiyeelewa kemia yake hawezi kuuteulia istilahi ifaayo.

Zichukuliwe hidroksidi mbili za alumini, bohemaiti na diaspori. Zote mbili zina fomula AlO(OH). Tofauti yao i katika mpangilio wa atomu ndani ya fuwele. Diaspori ikipashwa moto hadi nyuzi 500 hivi za Selsiasi, hupoteza maji na kugeuka moja kwa moja kuwa alumina ya aina ya alfa, ambayo ndiyo imara kuliko zote. Bohemaiti nayo, katika joto lilo hilo, huzaa alumina ya aina ya gama, kisha hupitia hatua nyingine kadhaa, na haifikii alfa mpaka joto lipite nyuzi 1000. Sababu ni kwamba oksijeni katika diaspori tayari zimejipanga kwa namna ikaribiayo ile ya alfa, ilhali katika bohemaiti sharti zijipange upya. Ndugu wawili wa jina moja, njia mbali mbali.

Si mpangilio wa fuwele tu unaorithishwa. Kitangulizi huwa na sehemu mbili: metali inayobaki na mwandani wake anayeondoka. Namna mwandani huyo anavyoondoka huacha alama. Unga ukitayarishwa kutokana na kloridi bila kuoshwa vyema, mabaki ya klorini huweza kuzifanya chembe zigande kuwa madonge magumu na kuizuia kauri isishikamane barabara inapochomwa. Nitrati huyeyuka majini kwa wepesi na haiachi mabaki ya aina hiyo, lakini ikichomwa hutoa gesi ya hudhurungi yenye sumu. Mwaka wa 1988, Kingsley na Patil, watafiti wa Bangalore, India, walichapisha njia ya kuchanganya nitrati ya alumini na urea, mbolea ijulikanayo na kila mkulima. Mchanganyiko huo ulipotiwa katika tanuri lenye nyuzi 500, uliwaka wenyewe, na joto la mwako likatoa alumina ya alfa kwa dakika chache. Nitrati peke yake ingehitaji joto zaidi ya maradufu ya hilo la tanuri.

Hapa ndipo mwanaisimu anapoingia. Boksiti inayochimbwa ardhini ni malighafi: huchukuliwa jinsi ilivyo, na ubora wake hupimwa kwa wingi wa alumini iliyomo. Kitangulizi ni msombo uliotayarishwa na kuteuliwa kwa sababu ya jinsi utakavyovunjika. Anayeviita vyote malighafi humnyima mwanafunzi swali lenyewe la somo: kwa nini metali moja, kutoka chumvi mbili, itoe unga usiofanana?

Wapo watakaopinga kwamba neno kitangulizi linaelekea mno kwenye utangulizi wa kitabu, ambao hubaki palepale msomaji anapoendelea mbele, ilhali msombo huu hutoweka. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, Kiswahili kina pia mtangulizi, yaani aliyeshika cheo kabla ya mwingine: huyu huondoka, na mrithi wake huanza kazi akiwa amefungwa na aliyoyaacha. Maana hiyo ndiyo hasa ya kemia hii. Wengine watapendelea kulitohoa neno la Kiingereza. Utohozi si dhambi. Oksidi na nitrati zimekubalika. Lakini pale ambapo mzizi wa Kibantu unabeba dhana nzima, kuupuuza ni kuacha mbachao kwa msala upitao.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, kemia katika shule za upili na vyuo vikuu vya nchi hii hufundishwa kwa Kiingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Kamusi ni mwanzo mwema, ila istilahi hukomaa inapotumiwa kueleza jambo, si inapoorodheshwa. Wanafunzi wa Kiswahili, basi, wabishe hodi katika maabara, waulize kinachotokea tanurini, kisha warudi kuandika. Istilahi nayo hukua kwa jinsi ilelewavyo, na walezi wake ni hao hao.