Ngazi ya Tenisi Ijengwe Nyumbani

Tenisi huchezwa na watu wawili, au wanne, wanaopigiana mpira juu ya wavu katika uwanja wenye urefu wa mita 23.77, lakini kupanda kwa mchezaji wa kulipwa hakuamuliwi ndani ya mistari ya uwanja peke yake, kwa kuwa cheo chake hupimwa kwa pointi, na pointi hazipatikani ila kwa kuzunguka kutoka shindano moja hadi jingine. Jambo hili yafaa lieleweke Kigobe kuliko mahali pengine popote pa Bujumbura, maana ndiko Bunge la Taifa la Burundi linakokutana, nao wenye kauli juu ya fedha na sheria ndio wanaoweza kumjengea mtoto ngazi au kumwacha akiitazama kwa mbali.

Ngazi yenyewe ina vidato vinavyojulikana. Cha chini ni mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ambayo madogo kabisa hugawa zawadi zisizozidi dola 15,000 kwa washiriki wote kwa jumla. Juu yake yako mashindano makubwa ya wanawake na ya wanaume, na kileleni yapo manne yaitwayo Grand Slam, yanayofanyika Melbourne, Paris, London na New York, ambayo mshindi wake hupata pointi 2,000. Pointi hizo hudumu wiki 52 tu, kisha hufutika, hata mchezaji aliyeumia au aliyeishiwa nauli hujikuta akirudi chini bila kushindwa na mtu. Wahenga hawakukosea waliposema mpanda ngazi hushuka. Kwa hiyo anayeishi penye mashindano mengi huyafikia kwa basi, ilhali anayetoka mbali hulipa ndege, malazi na kocha kabla hajaipata pointi ya kwanza.

Burundi haijawahi kupungukiwa na vipaji. Hassan Ndayishimiye alicheza mashindano ya vijana ya Wimbledon mwaka 2012, naye alikuwa amepata mafunzo Pretoria. Sada Nahimana, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 2001, alikwenda Casablanca, Moroko, angali kijana mdogo ili afunzwe katika kituo cha huko, akacheza mashindano ya vijana ya Grand Slam mwaka 2019, kisha akapanda hadi kuingia miongoni mwa wanawake 300 bora duniani. Sifa hizo ni za nchi nzima, lakini njia zote mbili zilipita ughaibuni, na mtoto anayelazimika kumwacha mama yake ili ajifunze kupiga mpira hulipa gharama isiyoandikwa katika hesabu yoyote.

Wala haikuwa lazima iwe hivyo, kwa kuwa kituo cha mafunzo ya tenisi cha Afrika Mashariki kiliwahi kuwa Bujumbura penyewe, hata machafuko ya mwaka 2015 yakakihamishia Nairobi. Miongoni mwa watoto waliofunzwa katika kituo hicho alikuwa Angella Okutoyi wa Kenya, ambaye mwaka 2022, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili huko Wimbledon. Fainali hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Kila upande ulichukua seti moja, ndipo likaja pambano fupi la kuamua, ambalo mshindi hutakiwa kufikisha pointi 10 na kumzidi mwenzake kwa pointi mbili, nalo likaisha kwa 11 dhidi ya 9. Miongoni mwa walioshindwa siku hiyo alikuwa Victoria Mboko wa Kanada, binti wa wazazi waliotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Miaka mitatu baadaye Okutoyi alikuwa ameshachagua njia ya chuo kikuu nchini Marekani, njia ya heshima inayompa elimu na mchezo kwa pamoja, ilhali Mboko, aliyeuanza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora, mwezi Agosti aliwashinda Coco Gauff, Elena Rybakina na Naomi Osaka akawa bingwa wa Montreal akiwa na umri wa miaka 18. Juhudi zake ni zake na hakuna wa kumpunguzia. Hata hivyo aliingia katika shindano hilo kwa nafasi ya mwaliko, yaani ile ambayo waandaaji huwapa wachezaji wasiofikisha cheo cha kuingia moja kwa moja, na kwa kawaida waandaaji huwakumbuka kwanza watoto wa nyumbani. Mwenye shindano ndiye mwenye mlango. Asiyekuwa nalo hubaki akibisha milango ya wenzake.

Wako watakaosema kwamba tenisi ni anasa, na kwamba nchi yenye uhaba wa dawa na madawati haina haki ya kufikiria raketi. Hoja hiyo ni nzito na haifai kudharauliwa, lakini hakuna anayedai mchezo upewe haki ya mgonjwa. Kinachodaiwa ni utaratibu, nao jirani ameshauonyesha, kwa kuwa Kigali iliandaa mashindano ya Challenger, yaani daraja lililo chini tu ya yale makubwa ya wanaume, mwaka 2024.

Basi wabunge na walipie mashindano kila mwaka bila kukatiza, wenye makampuni wadhamini zawadi, na vilabu vifungue viwanja saa za asubuhi kwa watoto wasio na ada, hasa wale waokota mipira ambao huujua mdundo wa mpira kabla hawajawahi kushika raketi iliyo yao. Wazazi nao wakumbuke kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, wawapeleke watoto mapema wala wasiwatoe shuleni kwa tamaa ya fedha za kesho. Kijana naye ajue kwamba pointi mbili zilitosha kuamua fainali ya Wimbledon, hivyo asidharau mpira wowote mazoezini. Na watu wazima wa Kigobe wahakikishe kwamba kijana huyo, akishakuwa tayari, atapata shindano la kuchezea katika mji wake.