Kinyago cha Mwenzio

Methali tunaijua sote: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Na methali sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na watu wanaojikinga nayo huku wameshika patasi mbele ya kinyago cha watu wengine.

Nasema na ninyi wenzangu mliohamia huku California, ambao siku za kazi ni manesi, madereva na mafundi wa kompyuta, na Jumamosi mnachonga tiki gerejini. Tunajuana. Baadhi yenu tunapanga meza jirani kwenye masoko ya wikiendi. Mimi nachonga vijiko, vigoda na mbuzi za kukunia nazi, na hakuna soko ambalo hajapita mteja akaniuliza, "Huna tiki?" Nikimwambia sina, anasogea meza ya pili na kununua. Basi anayetaka kusema kwamba naandika kwa wivu wa biashara na aseme, kisha anijibu hoja.

Gogo lenyewe ni la bure, au karibu na bure. Ile mitende mirefu ya mapambo iliyopandwa kando ya barabara ikikatwa, wakataji wanashukuru ukiwapunguzia mzigo. Unasimamisha kipande cha mita moja, unachora macho, pua na mdomo mpana uliojaa meno, unapitisha msumeno wa mashine, unamalizia kwa patasi na msasa, unaunguza kidogo kwa moto wa gesi ili mistari itoke nyeusi, unapaka vanishi. Mtende hauna ubao kama mvule au mninga. Ndani ni nyuzinyuzi tupu zinazonyonya maji, na kinyago chake kikikaa nje miaka michache kinapasuka na kuoza. Mnunuzi hilo halimsumbui. Anataka kitu cha kusimama kando ya bwawa la kuogelea wageni wake wacheke.

Sasa huyo anayesimama kando ya bwawa ni nani?

Kwa Wamaori wa New Zealand, Tiki ni jina la mtu: katika masimulizi ya baadhi yao ndiye binadamu wa kwanza. Katika visiwa vya Marquesas, tiki ni sanamu yenyewe, na pale Puamau, kisiwani Hiva Oa, bado imesimama moja ya jiwe inayopita urefu wa mita 2. Hawaii neno hilohilo hutamkwa ki'i. Wazee wa Hawaii walipohitaji sanamu ya hekalu hawakuokota gogo barabarani. Mti wa ohia uliendewa msituni kwa sala na sadaka, na kuteremshwa kwake kulikuwa ibada nzima yenye makuhani wake.

Mwaka 1819, baada ya mfalme Kamehameha kufariki, mwanawe Liholiho aliketi akala pamoja na wanawake. Huo ulikuwa mwiko mkubwa, na kwa kuuvunja hadharani aliivunja dini yote ya zamani. Mahekalu yakabomolewa, sanamu zikachomwa. Katika zile sanamu kubwa za mungu Kū, zinazojulikana kubaki duniani ni tatu: moja iko Bishop Museum, Honolulu, moja British Museum, London, na moja iko Salem, Massachusetts. Ile ya London imechongwa kwa mti wa mshelisheli, mti uleule ambao matunda yake sisi watu wa pwani tunayapika kwa tui la nazi. Mwaka 2010 zote tatu zilikutanishwa Honolulu, na watu wa Hawaii wakaenda kuwaona wazee wao wamesimama pamoja.

Hapa ndipo mwenzangu mmoja hunishika shati. "Si unaona, kaka? Wenyewe walizichoma!"

Ndiyo, walichoma. Vilikuwa vyao. Mtu akivunja nyumba yake, jirani hapati haki ya kubeba mlango. Na tuangalie kilichofuata. Mwaka 1820 wamishonari wa Kimarekani walishafika. Mwaka 1893 malkia wao alipinduliwa, na mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Watu walioacha dini ya babu zao kwa uamuzi wao wenyewe hawakupewa muda wa kuamua, kama sisi tulivyoamua na tunavyoendelea kuamua, ni kipi cha zamani wakihifadhi, kipi wakifiche na kipi wakionyeshe wageni. Waliporudi kukitafuta, kilikuwa baa.

Kilifikaje baa? Katika miaka ya 1930, Mmarekani aliyezaliwa Ernest Gantt na kujiita Donn Beach alifungua baa Hollywood, akaipamba kwa mianzi, nyavu na makombe, akauza ramu iliyochanganywa na maji ya matunda. Kule Oakland, Victor Bergeron akafuata njia hiyo na baa yake ya Trader Vic's. Vita vikaisha, askari waliopigana Pasifiki wakarudi na kumbukumbu walizotaka kuzifanya tamu. Hawaii ikafanywa jimbo mwaka 1959. Mwaka 1963 Disneyland ikafungua ukumbi ambamo ndege wa mashine wanaimba na tiki za ukutani zinaongea. Whittier, karibu na Los Angeles, kulikuwa na duka la Oceanic Arts lililoanza 1956 na kufungwa 2021, likichonga na kukodisha tiki kwa mahoteli, baa na watengenezaji wa filamu. Sura iliyokuwa ikipokea sadaka ikawa kikombe cha ramu chenye mrija.

Ndiyo maana utetezi wa pili husikika wa kisomi zaidi: tiki ya baa ni uzushi wa Kimarekani, ina miaka yake tisini, haina uhusiano tena na visiwa, kwa hiyo haimdhuru yeyote. Nimeusikia kwa Wamarekani wenyewe na sasa nausikia kwa Kiswahili. Kama ni ya Kimarekani, chongeni basi Wamarekani. Mchongeni Donn Beach na kofia yake, mumweke kando ya bwawa. Hamtauza hata mmoja, na mnajua kwa nini. Kinachouzwa ni ile hisia kwamba hapa pana mungu wa watu fulani wa mbali, mkali kidogo, wa kuchekesha kidogo, ambaye hawezi kukufanya lolote. Ukiondoa hao watu wa mbali, biashara imekwisha.

Mimi ni Mgiriama. Nasikia uchungu huu mapema kuliko wengine kwa sababu nimeuona kwetu. Mzee wa chama cha Gohu akifariki, huja wakati akachongewa kigango: mti mrefu mwembamba, umekatwa nakshi za pembetatu, na juu una kichwa. Husimamishwa, huvalishwa vipande vya nguo, humiminiwa tembo la mnazi. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Mchwa wakija, waje. Mvua ikiozesha, ioze. Utotoni tuliambiwa tusiviguse, na hatukuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa yule alikuwa babu.

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vikaanza kutoweka. Vijana wa kwetu wenyewe waling'oa usiku, wafanyabiashara wakanunua, na vigango vikaibuka Marekani kwenye sebule za matajiri na makumbusho, vikiitwa sanaa. Vigango viwili vya familia moja vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi 2007. Jumba la makumbusho la Denver lilikubali kuachia vigango 30 mwaka 2014, na bado ilichukua miaka mingine kuvifikisha Kenya. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois lilirudisha 37. Kila vikirudi, Wakenya wa huku tunatumiana picha na kusema heshima imerudi. Halafu Jumamosi tunawasha msumeno.

Najua jibu: vigango viliibwa, sisi tunaiga tu, tena kwa mtende mbovu. Kweli, kuiga si wizi wa kaburi, na sitawaita wezi. Ila jaribuni kufikiri kwamba badala ya kuibwa, kigango kingeigwa. Kwamba miji yote ya Marekani ingekuwa na baa zinazoitwa Kigango, kichwa cha mzee wa Gohu kikawa kikombe, na fundi mmoja wa magari kule Ohio, mtu mwema kabisa, akawa anachonga vigango vitatu kwa wikiendi na kuviuza na chupa za kufungulia bia. Mngemwambia ni mti tu?

Hapa lazima nijibu swali la haki: je, sisi hatuuzi vinyago? Tunauza, tena tangu zamani. Samaki Likankoa alipoanza kuchonga mashetani yake Dar es Salaam katika miaka ya 1950, alichonga ili yauzwe, na mtindo wa shetani ukawapa Wamakonde wengi mkate. Sina neno baya juu yake. Lakini tazama walivyogawa mambo. Lipiko, kinyago cha kuvaa usoni, kilikuwa cha ngoma za jando, na wanawake na watoto hawakutakiwa hata kujua ni nani aliye ndani yake. Shetani wa kuuza akakuzwa upande wa pili, kwa ajili ya duka. Mipaka hiyo waliiweka wao, na walipoivuka, waliivuka wao. Haki ya kuuza cha kwenu inakwenda pamoja na haki ya kusema hiki hakiuzwi. Anayechonga Kū gerejini San Diego ametwaa ya kwanza kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza juu ya ya pili.

Na tusijifanye wasafi. Mombasa na Nairobi mtalii huuziwa "kinyago cha Kimasai", wakati Wamasai hawana mila ya vinyago vya uso. Vinachongwa na Wakamba, vinapakwa dawa ya viatu vikafanana na mpingo, vinavalishwa shanga. Tunamcheka mtalii. Wamasai hawakuulizwa, na kicheko chetu hakiwahusu. Ni tiki yetu hiyo, na ni aibu ileile. Inasikitisha zaidi kwa kuwa Wakamba hawakuwa na haja nayo. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi kwao akafundisha wenzake, na kutokana na hapo vikakua vijiji vizima vya wachongaji. Alichobeba kutoka Tanganyika ni ufundi: namna ya kushika tezo, namna ya kuusoma mti. Ufundi ukiuazima, mwenyewe bado anao. Twiga wa Wamunyu hakumpunguzia Mmakonde kitu.

Yapo pia mambo ya pesa, na hapa nitasema kwa ukali kwa sababu ndipo mnapojidanganya zaidi. "Mimi siishi kwa hii, ni burudani tu." Hilo ndilo tatizo. Tuseme tiki ya mita moja imekula saa 10 na umeiuza dola 80. Umejilipa dola 8 kwa saa, kiwango ambacho hakuna mwajiri wa California anayeruhusiwa kisheria kukulipa, na hujahesabu mafuta, minyororo ya msumeno wala meza ya soko. Wewe hiyo haikuumi, mshahara wa hospitali unaingia. Lakini California imejaa Wasamoa, Watonga na Wahawaii, na wamo wachongaji waliofundishwa na wajomba zao, wanaojua kila mstari wa sura ile unatoka wapi na ni upi usiowekwa kwenye kitu cha kuuza. Mchongaji huyo akitaja bei ya mtu anayelipa kodi ya nyumba kwa patasi, mteja anamwonyesha picha ya tiki yako kwenye simu: "Mbona huyu anauza 80?" Umechukua sura ya babu yake, kisha umeitumia kumshushia bei.

Msiniambie kwamba hakuna njia ya kujua wenyewe wanataka nini. Wamaori waliona maduka yanajaa michongo ya kiwandani, na mwaka 2002 ikaanzishwa alama ya toi iho, ili mnunuzi ajue kazi iliyotoka mikononi mwao. Watu hawajisumbui kuweka alama kwenye kitu ambacho hawajali nani anakitengeneza.

Anayependa sura zile kwa dhati na ajifunze. Asome, aende makumbusho, achonge moja aiweke chumbani kwake aitazame. Mkono hujifunza kwa kufuata mikono mingine, na sitamfuata mtu chumbani. Ninachopinga kinaanzia pale kibandiko cha bei kinapowekwa. Na vile vibao vya "tiki halisi" vilivyoandikwa kwa moto kwenye kipande cha ubao, naomba viondolewe hata kabla ya tiki zenyewe.

Magogo mliyokwisha kuyakusanya hayatapotea. Mtende ukichimbwa katikati unatoka chungu kizuri cha maua, kwa sababu nyuzinyuzi zake laini zinatoka kirahisi na ganda la nje ni gumu. Toboeni chini maji yapate pa kutokea. Huku watu wanapenda kupanda ndani yake mimea ya jangwani, na chungu cha ukubwa wa kukumbatia kinauzwa vizuri kuliko mnavyodhani.